Viumbe ni Umma Kama Sisi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba viumbe vya namna ambazo hakuna mja awezaye kuzimaliza kuzihesabu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, limeletwa katika darsa zetu suali ambalo halifai kuachwa njiani. Kijana asomeshwa skuli ya kwamba viumbe vilivyo duniani leo havikuwa hivi tangu mwanzo. Vimegeuka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka aina moja ikazaa aina nyingi. Arudipo nyumbani, au aingiapo chuoni kwa maalimu wake, aambiwa kuwa maneno hayo ni ukafiri mtupu, na yampasa ayajibu kwenye mtihani kisha ayasahau. Basi huyu kijana abaki baina ya milango miwili. Ama aikadhibishe ilimu ambayo ushahidi wake auona kwa macho yake, ama adhani kwamba dini yake yauogopa ushahidi. Wako waliochagua mlango huo wa pili. Wametoka kimya kimya, wazee wao wangali wakidhani wamo ndani, na waliowafungulia mlango ni sisi.

Wanazuoni wetu wametufunza kuwa hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Hakimu hakati hukumu kabla ya kusikiliza daawa. Na wengi wetu tunaolaani jambo hili hatujaliza hata mara moja lasema nini. Tumesikia tu kwamba kuna Mwingereza aliyeitwa Darwin, na kwamba alimfanya mtu kuwa mtoto wa nyani, tukafunga mlango kwa kufuli. Natulisikilize basi.

Mkulima wa mahindi amalizapo kuvuna, hachomoi mbegu popote. Hutazama magunzi, akaweka kando yale yaliyojaa na kustahimili jua, hayo akayafanya mbegu ya masika yajayo. Akifanya hivyo yeye, na mwanawe, na mjukuu wake, mahindi ya shamba lile hayatakuwa tena yale ya babu. Hapana aliyeyaumba upya. Alichofanya mkulima ni kuchagua tu, na tafauti alizochagua zilikuwamo tayari katika magunzi, kwa kuwa watoto hawafanani kabisa na wazazi wao wala wao kwa wao. Sasa chukua mwitu au bahari, pasipo na mkulima. Viumbe huzaa zaidi ya chakula kinachoweza kulisha. Wengi hufa kabla ya kuzaa. Yule ambaye umbo lake, au rangi yake, au mdomo wake wampa nafasi kidogo zaidi mahali pale alipo, huyo aghalabu huishi akazaa, na watoto wake hurithi kile kilichomfaa. Hapo mahali penyewe ndipo pafanyapo kazi ya mkulima. Huo ndio uteuzi wa kimaumbile, ambao Alfred Wallace na Charles Darwin waliutangaza pamoja London mwaka 1858, kisha Darwin akauandikia kitabu mwaka 1859. Hausemi kwamba mwenye nguvu ana haki. Wako watu, na hasa katika siku za ukoloni, waliouchukua wakaufanya hoja ya kuwadharau watu weusi. Hilo ni deni lao, halimo katika jambo lenyewe. Mahali pengine anayebaki ni mdogo na dhaifu, kwa sababu udogo wake ndio uliomficha.

Wala Waislamu wa zamani hawakuwa wageni wa mazungumzo haya. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa ya Miladi, aliandika Kitabu cha Wanyama, na ndani yake akaeleza jinsi viumbe vinavyowindana na kulana, kila kimoja kikitafuta riziki yake kwa mwengine. Akaandika pia kuhusu mahali panavyoathiri rangi na maumbile ya waishio hapo. Ibn Khaldun katika Mukadima yake ya mwaka 1377 aliwapanga viumbe daraja baada ya daraja, mwisho wa daraja hii ukikaribia mwanzo wa ile. Nataja haya kwa hadhari. Imekuwa ada mbaya miongoni mwetu kwamba kila ilimu ikigunduliwa Ulaya, siku ya pili twasema ilikuwamo vitabuni mwetu. Ikiwa ilikuwamo, mbona hatukuitoa? Al-Jahiz hakuujua uteuzi wa kimaumbile kama tunavyoujua leo. Alichokuwa nacho ni macho yaliyo wazi na moyo usioogopa kutazama, na hicho ndicho tulichokipoteza sisi. Karibu nasi zaidi, Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Lebanoni aliandika risala yake mwaka 1888, wakati mabishano haya yalipokuwa moto, akaeleza kuwa Muislamu huamini kwamba Muumba ni Mungu, na kama ikithubutu kwa dalili ya kukata kuwa Yeye Aliumba kwa njia ya mageuko, basi itikadi ya Muislamu haianguki kwa hilo.

Na kweli, itaanguka vipi? Twajua kwamba mvua yatokana na mvuke wa bahari unaopandishwa na jua na kusukumwa na upepo, na bado twanyosha mikono katika sala ya kuomba mvua. Twajua jinsi mtoto anavyokua tumboni mwezi baada ya mwezi, wala hapana mama Muislamu aliyesema kwa ajili hiyo kwamba mwanawe hakuumbwa na Mungu. Kuijua njia hakumfuti Mwenye njia. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba kwa mvua na kwa mtoto Mungu hutumia sababu, lakini kwa samaki na ndege haruhusiwi kuzitumia.

Kuhusu Adam amani iwe juu yake, maulamaa wa zama zetu wana kauli zaidi ya moja. Wako wanaokubali mageuko kwa viumbe vyote ila yeye, wako wanaoyapinga yote, na wako wanaofahamu aya za kuumbwa kwake kwa maana pana zaidi. Mazungumzo hayo yana heshima yake na watu wake. Lakini yasifanywe pazia la kufunikia mengine yote, wala tusidhani kuwa yatakwisha kwa kufumba macho. Mifupa ya kijana iliyovumbuliwa mwaka 1984 magharibi ya Ziwa Turkana, ambayo dalili yake ya kwanza iliokotwa na Mkenya Kamoya Kimeu, ina umri wa miaka ipatayo milioni moja na nusu. Ipo, na atakayeizungumza na aanze na kuijua.

Mimi leo nataka tutazame samaki, kwa sababu mfano wao uko katika nchi yetu wenyewe, na kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo tutaulizwa.

Ziwa Victoria, tunaloshirikiana sisi na Uganda na Tanzania, lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, walakini kina chake hakizidi sana mita 80. Ni kama sinia pana yenye maji. Wataalamu walipotoboa tope la chini yake na kulitoa, walikuta chini ya tope tabaka ya udongo mkavu, alama ya kwamba mahali pale palikuwa nchi kavu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1996: ziwa lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwetu sisi miaka hiyo ni mingi. Kwa umri wa ardhi ni jana jioni. Na ndani ya maji hayo machanga mlikuja kupatikana zaidi ya aina 500 za samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu, na ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu, ambao karibu wote hawapatikani penginepo.

Aina mia tano! Na si kwamba zilitafautiana kwa jina tu. Wako waliokuwa na meno mapana kama mawe ya kusagia, kwa kuvunja konokono. Wako waliokwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, na wa kula wadudu, na wa kula tope, na wenye taya ndefu wanaowinda samaki wenzao. Fulu wa kike huatamia mayai yake kinywani, na wanawe wakianguliwa huwahifadhi humo humo; basi wako fulu wengine ambao riziki yao ilikuwa kumvamia mama na kumnyang'anya wana kinywani. Mtaalamu Humphry Greenwood alianza kuwaandika samaki hawa katika miaka ya 1950, aina baada ya aina, na kazi hiyo ikamchukua miongo.

Walitoka wapi wote hao kwa muda mchache hivyo? Mwaka 2017 wataalamu waliosoma jeni zao walieleza kwamba wazee wa samaki hawa walikuwa nasaba mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Naili ya juu, zilizokutana na kuchanganyika zamani, kabla ziwa halijakauka. Mchanganyiko huo ukaacha katika kizazi chao akiba kubwa ya tafauti, kama ghala lenye mbegu za kila namna. Maji yalipolijaza tena ziwa, palikuwa na miamba, na mchanga, na tope, na mafunjo, na kila mahali pakateua katika ghala lile kilichopafaa.

Nitataja mfano mmoja, kwa kuwa hata jina lake ni letu. Wataalamu wameliita kundi moja la samaki hawa Pundamilia, kwa Kiswahili hiki hiki tunachosema. Wamo wawili katika Ghuba ya Mwanza wanaokaa kwenye miamba ile ile. Dume la mmoja lina rangi ya samawati, naye huitwa Pundamilia pundamilia. Dume la wa pili lina wekundu mgongoni, naye ameitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wa samawati hukaa maji ya juu, mwekundu hukaa chini kidogo. Maji ya ziwa lile yana vumbi, na nuru ya samawati hufifia upesi ndani yake; anayekwenda chini hubaki na nuru nyekundu. Basi macho ya samaki wa chini yana uwezo zaidi wa kuona wekundu, na jike la chini humchagua dume alionalo vizuri, yaani lile jekundu. Wa juu huchagua samawati. Hivyo ndivyo wanavyoishi jirani bila ya kuoana, wakawa aina mbili pasi na ukuta wala bahari ya kuwatenga. Nuru ya maji peke yake imetosha kuwa mpaka.

Wapo watakaosema: haya yote ni ya watu wa skuli, sisi yatufaa nini? Yatufaa kwa hili. Mwaka 1997 wataalamu hao walitangaza kwamba mahali maji yalipochafuka zaidi, mpaka ule umeanza kufutika. Jike haoni rangi. Haoni, hachagui, hachagui, aina mbili zachanganyika kuwa moja yenye rangi ya kijivujivu. Na uchafu huo watoka kwetu: udongo unaoporomoka kutoka mashamba yaliyokatwa miti, na mbolea, na maji machafu ya miji. Mtu akata mti kilimani, hajui kwamba huko chini ziwani ameizima taa iliyokuwa ikiwatenga viumbe wawili.

Lililo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutendeka. Mwaka 1954, upande wa Uganda, alitiwa ziwani samaki mgeni, mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara. Mbuta aweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Waliotaka atiwe walisema kuwa fulu ni samaki wadogo wenye miba, hawana maana. Bora waliwe na samaki mkubwa, naye aliwe na watu. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika hadharani kupinga, akaonya juu ya hatari yake. Hakusikilizwa, katika miaka ya mwanzo ya 1960 wakatiwa wengine. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hapakuonekana jambo kubwa, na nadhani wako waliomcheka. Kisha mwanzo wa miaka ya 1980 mbuta wakajaa ziwa zima. Kabla ya hapo fulu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na chini ya ziwa. Miaka ya 1980 ilipokwisha hawakufika hata asilimia moja. Wataalamu wakakadiria kuwa aina zipatazo 200 zimetoweka au zi karibu kutoweka. Kazi ya miaka 15,000 ikaondoka katika muda wa mtu kuoa na kuozesha mwanawe.

Hatukatai kwamba mbuta alileta mali. Viwanda vilijengwa Kisumu, minofu ikasafirishwa Ulaya, na familia nyingi zikapata chakula. Lakini hesabu ya haki ina pande mbili. Minofu ilipokwenda Ulaya, mama wa Kisumu alibakiwa na vichwa na mifupa, ile iitwayo mgongo wazi, akaikaanga akaiuza. Fulu walikuwa wakianikwa juani bila ya gharama. Mbuta ana mafuta mengi, hukaushwa kwa moshi, basi miti ya kandokando ikakatwa kwa kuni. Na miti ilipokatwa, udongo ukateremka ziwani, ukatia tope juu ya tope. Nao fulu waliokuwa wakila mwani na tope la chini walipoondoka, waliokuwa wakisafisha hawakuwapo tena.

Hapa ndipo sheria yetu inapouliza. Wanasharia wa Kiislamu hutanguliza kukinga madhara mbele ya kuvuta manufaa. Qur'ani katika Suratul-An'am imetujulisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Nabii Nuhu alipoamrishwa kupakia katika safina, alipakia jozi za kila namna, wala hakuambiwa aache wenye miba. Na katika hadithi iliyo sahihi, nabii mmoja aliumwa na sisimizi, akaamrisha kijiji chao kichomwe, Mola wake akamlaumu: ameumwa na mmoja, akauteketeza umma unaomsabihi Mungu. Ikiwa nabii alilaumiwa kwa kijiji kimoja cha sisimizi, na sisimizi wa namna ile wangali tele duniani, basi itakuwaje kwa umma zipatazo mia mbili zilizotoweka au zilizo karibu kutoweka?

Na ni ilimu hii tunayoiita ukafiri ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa jambo. Asiyejua mageuko hudhani kwamba samaki aliyekwisha ni kama sahani iliyovunjika. Sokoni zipo nyingine. Anayejua hufahamu kwamba kila aina ni hesabu iliyoandikwa na mahali pake kwa maelfu ya vizazi, katika mwamba ule, na nuru ile, na konokono wale. Ikifutwa haiandikwi tena, kwa kuwa hata ukirudisha maji na mwamba, wale wazazi hawapo. Uteuzi huteua katika kilichopo. Ghala likiwa tupu, hakuna cha kuteua.

Hawakwisha wote, alhamdulillahi. Mbuta walipovuliwa sana na kupungua, baadhi ya fulu walionekana tena. Aina mojawapo waliyoipima wataalamu kabla na baada ilikutwa imekuwa na mashavu ya kuvutia hewa makubwa zaidi kuliko zamani, kwa kuwa maji ya ziwa sasa yana hewa chache. Ni miaka ishirini tu hivi baina ya kipimo na kipimo. Anayetaka kuyaona mageuko hana haja ya kungoja miaka milioni.

Wako pia waliojificha. Katika mabwawa ya mafunjo maji yana hewa haba, na mbuta hayavumilii kama wanavyoyavumilia samaki wadogo. Ziwa Kanyaboli, dogo, katika bwawa la Yala huko Siaya, halina mbuta. Humo wangali fulu, na ngege, yule samaki wa asili ambaye katika ziwa kubwa amekuwa adimu mno. Mafunjo yale ndiyo ngome yao, na ndiyo yanayokatwa na kukaushwa ili palimwe. Ndugu zetu wa Kisumu na Mumias hawako mbali na hapo. Baraza ya kuzungumza juu ya bwawa lile ikiitwa, na waende, wakae mbele, waseme. Wenye kuvua na wafuate ukubwa wa macho ya nyavu uliowekwa na sheria, wala chandarua cha mbu kisitupwe majini, ziwani wala huku kwetu pwani. Na maalimu wa chuo, akiulizwa na mwanafunzi wake kuhusu fulu, amwambie akalete kitabu chake cha skuli, wakisome pamoja.

Wallahu aalam.